Bustani ya Wanyama ya Berlin na Ndugu Aliyekaa Ndani ya Uzio Wake

Mwanafunzi wa theolojia anayesoma historia ya Kanisa katika karne ya kumi na tisa hukutana na jina la mji wa Berlin mara nyingi. Huko ndiko alikofundisha Schleiermacher hadi kufa kwake mwaka 1834. Huko ndiko ilikoundwa mwaka 1824 Misioni ya Berlin, ambayo watumishi wake walifika kusini mwa nchi yetu mwaka 1891. Huko pia mfalme wa Prussia alitangaza mwaka 1817 muungano wa Walutheri na Wareformed, jambo lililoacha majeraha mengi. Lakini yako mambo mengine ya mji huo ambayo vitabu vyetu huyapita kimya, kwa kuwa yanaonekana hayahusu imani. Mojawapo ni kufunguliwa kwa bustani ya wanyama, tarehe 1 Agosti 1844, iliyokuwa ya kwanza ya namna hiyo katika nchi ambayo leo ni Ujerumani.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo latuhusu sana. Miaka 36 baada ya bustani hiyo kufunguliwa, Mkristo aliyebatizwa, mwenye kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe, aliwekwa ndani ya uzio wake pamoja na mke na watoto wake, ili watu waliolipa kiingilio wamtazame. Haitoshi kusema kwamba alidanganywa na mtu mmoja mwovu. Kilichomfikisha pale kilikuwa mfuatano wa sababu, na baadhi yake zilianzia katika namna bustani yenyewe ilivyoanzishwa, na nyingine, kwa huzuni yetu, katika duka la misioni.

Kabla ya 1844 kulikuwa na Kisiwa cha Tausi. Kisiwa hicho kiko katika mto Havel, kati ya Berlin na Potsdam, na Mfalme Friedrich Wilhelm III alikusanya humo wanyama na ndege kwa mamia: nyani, dubu, lama, kangaruu na wengineo. Walikuwa mali yake binafsi, ijapokuwa raia waliruhusiwa kuvuka kwenda kuwatazama kwa siku maalumu. (Mfalme huyo ndiye yule yule wa muungano wa 1817. Wakati kangaruu wakila majani kisiwani mwake, Walutheri waliokataa liturgia yake walikuwa wakifunga mizigo yao. Mwaka 1838 kundi moja likiongozwa na Mchungaji August Kavel lilisafiri kwenda Australia ya Kusini, nchi ya kangaruu wenyewe. Historia nayo ina mzaha wake.)

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalifahamu ni kwamba kisiwani hapo hawakuwapo wanyama tu. Alikuwapo kijana kutoka visiwa vya Hawaii aliyeitwa Harry Maitey, aliyefikishwa Prussia kwa meli ya biashara mwaka 1824. Alifundishwa Kijerumani na imani ya Kikristo, akabatizwa mwaka 1830, na mwaka huo huo akahamishiwa Kisiwa cha Tausi, ambako alifanya kazi kama msaidizi wa fundi wa mitambo. Mwaka 1833 alimwoa mwanamke wa huko. Alikufa mwaka 1872, akazikwa Nikolskoe, ng'ambo ya maji kutoka kisiwani. Siwezi kusema kwamba Maitey alifungiwa kama mnyama; alikuwa na kazi, nyumba na ndoa ya Kikristo. Hata hivyo, yafaa tujiulize kwa nini mtu aliyetoka mbali, akiisha kubatizwa, alionekana kuwa mahali pake pa haki ni pale pale walipowekwa ndege na wanyama waliotoka mbali. Nadhani hakuna aliyeliwaza jambo hilo kwa ubaya. Lilionekana tu kuwa la kawaida, na hilo ndilo linalonitisha.

Friedrich Wilhelm IV alipotawazwa mwaka 1840, wanyama wa baba yake walikuwa gharama isiyo na faida kwake. Hapo ndipo alipojitokeza Profesa Martin Hinrich Lichtenstein wa Chuo Kikuu cha Berlin. Alikuwa daktari aliyezaliwa Hamburg mwaka 1780, na katika ujana wake aliishi Rasi ya Tumaini Jema miaka michache ya mwanzo wa karne hiyo, katika nyumba ya gavana wa Kiholanzi. Alisafiri kwa magari ya ng'ombe mpaka kwa Watswana, kisha akaandika kitabu cha safari zake ambacho Ulaya ilikisoma sana. Tangu 1813 aliongoza makumbusho ya wanyama mjini Berlin. Humo, bila shaka, wanyama wote walikuwa ngozi zilizojazwa majani makavu.

Lichtenstein alitaka wanyama walio hai. Mfano ulikuwa London, ambako chama cha elimu ya wanyama kiliundwa mwaka 1826 na kufungua bustani yake mwaka 1828, kwanza kwa wanachama, na umma kwa jumla ukaruhusiwa mwaka 1847. Akisaidiwa na Alexander von Humboldt, msafiri mashuhuri aliyekuwa na sikio la mfalme, alipata alichoomba. Mwaka 1841 mfalme alitoa kiwanja cha hekta 22 pembezoni mwa msitu wa Tiergarten, nje ya mji, mahali palipokuwa pakifugwa ndege wa mawindo ya mfalme. Alitoa pia mkopo wa thaler 15,000, na wanyama wa Kisiwa cha Tausi wakatolewa kwa bustani mpya. Mpangilio wa njia, maziwa na miti ulifanywa na Peter Joseph Lenné, mtaalamu wa bustani za kifalme.

Tusiwe wepesi wa kudharau kusudi la watu hawa. Walitaka mwalimu wa elimu ya viumbe aone simba akipumua badala ya kuona ngozi yake. Walitaka kujua kama wanyama wa nchi za mbali wangeweza kufugwa kwa faida ya mkulima. Walitaka pia kwamba raia wa mji uliokuwa na watu wapatao 400,000, wengi wao wakiishi katika vyumba vya giza, wapate mahali pa kupumzika chini ya miti. Mchungaji anayesoma sura mbili za kwanza za kitabu cha Mwanzo hawezi kusema kwamba kuwatazama na kuwataja viumbe wa Mungu ni kazi ya bure. Kwa kweli, mmojawapo wa wajuzi wakubwa wa ndege katika Ujerumani ya siku hizo alikuwa mchungaji wa kijijini, Christian Ludwig Brehm wa Renthendorf, aliyejaza nyumba ya usharika kwa maelfu ya ngozi za ndege. Na mwanawe Alfred aliongoza bustani ya wanyama ya Hamburg.

Lakini mwaka 1844 ulikuwa pia mwaka wa njaa ya wafumaji. Mwezi Juni, wiki chache tu kabla ya milango ya bustani kufunguliwa, wafumaji wa Silesia, raia wa mfalme huyo huyo, walizishambulia nyumba za wenye viwanda waliowapunja ujira. Askari wa Prussia walifyatua risasi, watu 11 wakafa. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1847, wanawake wa Berlin wenyewe walipora viazi sokoni. Basi si ajabu kwamba bustani haikujaa watu. Ilikuwa mbali, ilikuwa na kiingilio, na wanyama wake hawakuwa wengi.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Mfalme alitoa ardhi na mkopo, lakini hakukubali kuilisha bustani siku zote. Kwa hiyo mwaka 1845 iliwekwa mikononi mwa kampuni ya hisa. Kisiwa cha Tausi kililishwa na mfuko wa mfalme; bustani ya umma ililazimika kujilisha kwa mlango wake. Tunapenda kufikiri kwamba kitu kikitoka mkononi mwa mfalme na kuingia mkononi mwa umma kimekwisha kuwa huru. Sivyo. Kimebadilisha bwana tu, na bwana mpya wa bustani hii alikuwa macho ya mtazamaji, ambayo huchoka upesi na kudai jambo jipya kila mwaka.

Lichtenstein alikufa mwaka 1857, na bustani ikawa katika hali duni. Ilifufuliwa kuanzia mwaka 1869 na mkurugenzi mpya, Heinrich Bodinus, aliyetoka Cologne. Bodinus alielewa kwamba watu hawaji kuona mnyama tu, huja kuona nchi ya mbali. Aliwajengea tembo nyumba yenye umbo la hekalu la Kihindi, iliyokamilika mwaka 1873, na swala wakapewa jengo lenye minara kama ya msikiti. Kwa hiyo tayari nyumba za ibada za watu wengine zilikwisha kugeuzwa kuwa mabanda. Kilichokosekana ni waabudu wenyewe.

Hao nao hawakukawia. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, ambaye kwa sadfa alizaliwa mwaka ule ule wa 1844, alileta mwaka 1875 kundi la Wasami wa kaskazini pamoja na kulungu wao wa kufugwa, na watu wakamiminika kuwatazama. Wakafuata Wanubi kutoka Sudan, ambao mwaka 1878 walionyeshwa katika bustani ya Berlin. Na mwaka 1880 wakala wake, Mnorwei Johan Adrian Jacobsen, alitia nanga Hebron katika pwani ya Labrador, ambayo leo ni sehemu ya Kanada.

Hebron kilikuwa kituo cha misioni ya Moravian, ndugu zetu ambao hapa kwetu tunawajua tangu walipofika Rungwe mwaka 1891. Huko Labrador walikuwako tangu 1771. Waliwafundisha Wainuit kusoma na kuimba, na kwa ajili ya kuendesha kazi waliweka maduka: Mwinuit alileta manyoya, samaki na mafuta ya sili, akachukua unga, risasi na nguo. Msimu ukiwa mbaya alichukua kwa mkopo. Abraham wa Hebron, anayejulikana leo kwa jina la Abraham Ulrikab, alikuwa na umri wa miaka 35, mpiga fidla na mtu aliyeheshimiwa katika usharika. Naye alikuwa na deni. Wamisionari walimshauri asiende, wakahofia mwili wake na roho yake. Alikwenda, kwa sehemu kwa sababu alitamani kuiona nchi walikotoka waalimu wake, na kwa sehemu ili alipe deni la duka la misioni. Wale waliomwambia asiende ndio waliokuwa na daftari lenye jina lake. Kila mmoja wetu aliyewahi kuwa mchungaji kijijini anajua mshiriki wa namna hii, ambaye hutusikiliza kwa adabu mahubirini, kisha hufanya lile ambalo deni linamwambia.

Waliondoka watu wanane. Wakristo walikuwa Abraham, mkewe Ulrike, binti zao wadogo Sara na Maria, na kijana Tobias. Wapagani walikuwa mganga Tigianniak kutoka upande wa kaskazini zaidi, mkewe Paingu, na binti yao Nuggasak. Meli iliondoka Hebron mwishoni mwa Agosti. Baada ya Hamburg walifikishwa Berlin, na kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 14 Novemba 1880 waliishi ndani ya bustani ya wanyama iliyoanzishwa na Profesa Lichtenstein. Walijenga vibanda vyao, wakaonyesha mbwa wa kukokota sleji, mitumbwi na namna ya kumwinda sili.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu Abraham aliandika shajara. Hili ni jambo adimu mno. Katika maelfu ya watu walioonyeshwa hivyo Ulaya, karibu wote tunawajua kwa maneno ya waliowatazama. Huyu tunamjua kwa maneno yake mwenyewe, na aliweza kuandika kwa kuwa misioni ilimfundisha. Anaeleza jinsi umati ulivyokuwa mkubwa hata wasiweze kutoka nje mchana. Anaeleza makelele, baridi, na mapafu yenye kikohozi. Siku moja watu walivunja adabu wakajazana ndani ya ua mpaka mbele ya kibanda. Ndipo alipotwaa mjeledi na chusa lake la kuwindia sili, akajifanya mtu wa kutisha, nao wakakimbia. Tarehe 7 Novemba anaandika kwamba Jacobsen alimpiga Tobias kwa mjeledi wa mbwa. Asubuhi na jioni walifanya ibada ndani ya kibanda.

Profesa Rudolf Virchow, tabibu na mwanasiasa mashuhuri aliyepigania maji safi na hospitali kwa maskini wa Berlin, alikuja kuwapima vichwa na viungo. Paingu alipopimwa alipatwa na hofu kubwa hata akapiga kelele na kurukaruka chumbani. Virchow aliandika habari hiyo kama jambo la kisayansi.

Je, Kanisa lilikuwa wapi? Hili ndilo swali ambalo wanafunzi wangu huuliza kwanza, na jibu lake si rahisi kama wanavyotaka. Kanisa lilikuwapo. Washarika wa Moravian wa Berlin walikuja bustanini, wakashikana mikono na Abraham, wakaimba pamoja naye nyimbo ambazo kila upande ulizijua kwa lugha yake. Waliwapeleka Wainuit katika nyumba yao ya ibada, na shajara inaonyesha kwamba waliokuwamo walilia. Sioni sababu ya kushuku machozi hayo. Baada ya ibada Abraham alirudishwa kibandani, na asubuhi mlango ulifunguliwa kwa wenye tiketi. Ushirika wa watakatifu ulivuka lugha na bahari, na ukasimama kwenye uzio wa mbao.

Mtu akitaka kujua kama ingewezekana kufanya zaidi ya hayo, na atazame New York mwaka 1906. Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, alipowekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya Bronx, wachungaji Wabaptisti weusi wakiongozwa na James H. Gordon walikwenda kwa wakuu wa mji wakadai atolewe, naye akatolewa baada ya siku chache. Hawakuwa na mamlaka yoyote zaidi ya ndugu wa Berlin. Tofauti yao ni kwamba walijua kuwa kichwa kilichokuwa kikipimwa ni chao pia.

Kutoka Berlin kundi lilipelekwa Prague, kisha Frankfurt na Darmstadt. Jacobsen hakuwa amewapatia chanjo ya ndui, ingawa ilijulikana vema. Nuggasak alikufa Darmstadt tarehe 14 Desemba. Paingu alikufa Krefeld tarehe 27. Mtoto Sara aliachwa hospitalini huko Krefeld, kwa maana ratiba iliwataka wengine waende Paris, na alikufa siku ya mwisho ya mwaka. Huko Paris waliosalia walichanjwa, lakini ilikuwa imechelewa. Wote watano walikufa kati ya tarehe 10 na 16 Januari 1881. Ulrike alikuwa wa mwisho, baada ya kufiwa na mume na watoto wote wawili. Katika barua yake ya mwisho, iliyoandikwa Paris kwa Elsner, mmisionari aliyewahi kutumika Hebron, Abraham anasema kwamba hatamani tena mali ya dunia, ila kuwaona jamaa zake na kuzungumza nao habari za Mungu. Mwaka huo huo wa 1881, bustani ya Berlin ilionyesha kundi jingine, kutoka ncha ya kusini ya Amerika.

Mifupa ya waliokufa Paris haikuachwa kaburini. Iliwekwa katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji huo, na fuvu la Sara lilichukuliwa Berlin. Yote yalisahauliwa hata utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipoyatambua. Msomaji wa Kilimanjaro hatashangaa. Kutoka nchi yetu pia mafuvu mengi yalipelekwa Berlin katika miaka ya utawala wa Kijerumani, ili yapimwe kwa elimu ile ile, na mwaka 2023 makumbusho ya huko yalitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyalinganisha mafuvu matatu na familia za Kichaga zilizo hai, moja likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Wala uzio haukuishia kwa Wainuit. Mwaka 1896, katika maonyesho ya makoloni huko Treptow, Berlin, walikuwamo Waswahili na Wamaasai kutoka Afrika Mashariki, na kati ya watazamaji bila shaka walikuwamo waliotoa sadaka Jumapili kwa ajili ya misioni kwetu.

Vitu vya Abraham vilirudishwa Hebron, na shajara ikiwa miongoni mwake. Nakala aliyoiandika kwa mkono wake, katika Kiinuit, imepotea. Kilichobaki ni tafsiri ya Kijerumani, ambayo nakala yake ilipatikana mwaka 1980 katika hifadhi ya Wamoravian huko Bethlehem, Pennsylvania. Aliyeifasiri ni mmisionari Kretschmer wa Hebron, mmoja wa wale waliomsihi Abraham asipande meli.